Mchwa ni wa Ukoo Gani?

MWALIMU ANAJIBU: safu ya maswali ya wasomaji

Tangu mvua za kwanza zidondoke huku Lindi, barua nyingi zinazonifikia ni za mchwa. Ndio msimu wenyewe. Kumbikumbi wametoka, watoto wametega mabeseni ya maji chini ya taa, na wenye nyumba wameanza kugongagonga miimo ya milango wasikie wapi bado kuna mbao na wapi imebaki rangi peke yake. Nimeamua toleo hili lote liwe lao. Nilifundisha baiolojia sekondari miaka 31 kabla ya kustaafu, na mingi kati ya hiyo niliwaambia watoto wa watu kwamba mchwa ni kundi lake peke yake, kando na wadudu wengine. Ndivyo vitabu vyetu vilivyosema. Vinasaba vimekuja na ushahidi mwingine, kwa hiyo majibu ya leo ni deni ninalolilipa hata kwa wanafunzi wangu wa zamani.

SWALI: Mwalimu, habari za Lindi. Mjukuu wangu wa kidato cha pili amekuja likizo ananiambia mchwa ni mende. Mimi tangu utoto najua mchwa ni siafu weupe. Wana malkia, wana askari, wanafanya kazi kwa umoja, wanajenga. Mende hana malkia wala hajengi chochote, yeye ni wa kukimbia taa tu. Nimemwambia kijana asimsingizie mwalimu wake. Nani mkweli?
Mzee wa Nachingwea

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu wako kasema kweli, nakuomba umwambie hivyo kabla likizo haijaisha. Wewe nawe hukuzua. Waliomwita mchwa siafu mweupe ni wengi, Waingereza wakiwemo, kwa sababu hizohizo ulizozitaja. Ila kufanana kazi si kufanana damu. Popo anaruka na kunguru anaruka, lakini popo ananyonyesha.

Tafuta kioo cha kukuzia, hata kile cha kusomea maandishi madogo kinatosha. Mweke mchwa mmoja na siafu mmoja kwenye sahani nyeupe, muangalie wewe na mjukuu. Vipapasio vya siafu vimekunjika kama kiwiko. Vya mchwa vimenyooka, vimetungwa punje kwa punje kama shanga za kiunoni. Siafu kakatika katikati kama nyigu. Mchwa hana kiuno, kifua kimeingia tumboni moja kwa moja. Ukipata kumbikumbi, hesabu mbawa: nne, na zote nne urefu mmoja, wakati siafu mwenye mbawa zile za mbele zimezidi za nyuma. Halafu kuna watoto. Mtoto wa siafu huanza kama funza asiye na miguu, hafanani na mama yake hata kidogo. Mtoto wa mchwa anatoka kwenye yai ana miguu yake sita na sura yake ya ukubwani, kama anavyotoka mtoto wa mende. Na kule kwa siafu vibarua wote ni wa kike, dume akishapanda anakufa. Kwa mchwa vibarua ni wa kike na wa kiume, na mfalme anakaa chumbani na malkia wake hadi kifo. Ndugu wa siafu, sisimizi na majimoto ni nyuki na nyigu. Kwa mchwa, siafu ni adui tu. Nadhani umewahi kuona sungusungu weusi wakitoka kwa foleni kwenda kuvamia njia za mchwa na kurudi kila mmoja na mzigo mdomoni.

Hayo ni ya macho. Sasa vinasaba. Sisi tunavijua zaidi kwa kesi za kugombea mtoto, ile sampuli inayopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa mchwa kazi ni ileile, ila anayetafutwa ni babu wa mamilioni ya miaka.

Ndani ya kila chembe hai kuna maandishi marefu ya herufi nne tu: A, C, G na T. Kila kizazi kinayanakili na kuyarithisha, na katika kunakili, herufi moja moja hukosewa. Kosa likishaingia nalo linarithishwa. Nilipokuwa nasahihisha mitihani, sikumkamata mtu kwa majibu sahihi, maana jibu sahihi linaweza kutoka kwa yeyote aliyesoma. Niliwakamata kwa makosa. Wawili wa dawati moja wote wakiandika kwamba figo ziko kifuani, basi najua karatasi moja imetoka kwa nyingine. Wasomaji wa vinasaba wanafanya hivyohivyo: wanapanga maandishi ya wadudu wengi safu kwa safu na kutafuta nani wana badiliko moja wasilokuwa nalo wengine. Badiliko moja linaweza kutokea kwa bahati. Mamia yakielekeza upande mmoja, hiyo ni nasaba.

Mwaka 2000 Nathan Lo na wenzake walisoma jeni kadhaa za mchwa, mende na jamaa zao, wakakuta mchwa wanaangukia ndani ya kundi la mende. Mwaka 2007 Daegan Inward, George Beccaloni na Paul Eggleton wa Natural History Museum ya London wakaipanua kazi hiyo kwa jeni tano na spishi zaidi ya 100, jibu likawa lilelile. Naomba ulishike hilo neno "ndani". Hawakusema mchwa na mende ni majirani. Kuna mende wa magogo anayeitwa Cryptocercus, na huyo undugu wake na mchwa ni wa karibu kuliko undugu wake na mende wa jikoni kwako. Ukisema "mende wote" ukamwacha mchwa nje, umewataja ndugu wa tumbo moja ukamruka mmoja wao.

Cryptocercus anaishi kwenye misitu ya Marekani, na wengine China, Korea na mashariki ya mbali ya Urusi. Baba na mama wanakaa na watoto wao ndani ya gogo bovu kwa miaka, na watoto wanalishwa majimaji yanayotoka kwenye njia ya haja ya wazazi. Usishtuke, mzee wangu. Majimaji hayo yamejaa protozoa, vijidudu vya chembe moja wanaosaga mbao, na mtoto asiyelishwa hivyo anakufa njaa huku tumbo limejaa mbao. Mwaka 1934 L. R. Cleveland wa Marekani aliandika kwamba protozoa wa tumbo la mende huyu wanafanana mno na wale wa mchwa. Kwa hiyo fununu ya undugu ilikuwepo miaka zaidi ya 60 kabla ya vinasaba kuithibitisha.

Mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote katika habari hii. Mchwa wa matawi ya zamani, kila akijivua gamba anapoteza protozoa wake, anakuwa mtupu kama mtoto mchanga. Lazima aombe kwa ndugu zake ndipo ale tena. Mdudu wa namna hiyo akikaa peke yake amekwisha. Ukiniuliza mimi, malkia na askari na jengo vilikuja baadaye. Kilichowafunga pamoja tangu mwanzo ni hilo tumbo la kugawiana.

Na kuna mchwa mmoja ambaye bado ana dalili za nyumbani kwao. Anaitwa Mastotermes darwiniensis, wa kaskazini mwa Australia. Kwenye mti wa vinasaba ndiye tawi la kwanza kuachana na mchwa wengine wote. Mayai yake anayataga yamepangwa safu mbili na kugandishwa pamoja, kama kile kifuko cha mayai unachokikuta nyuma ya kabati. Tena ndani ya mafuta ya mwili wake wamo bakteria ambao karibu kila mende anao, na mchwa wengine wote wameshawapoteza.

Kuhusu jina, wataalamu walibishana kidogo, wengine wakitaka jina la zamani la Isoptera lifutwe na wengine wakitaka libaki kama jina la tawi dogo ndani ya mende. Undugu wenyewe haugombaniwi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Newala. Nina kesi mbili nyumbani kwangu mwenyewe. Chini ya kitanda kila asubuhi nafagia punjepunje ngumu, ndogo kuliko ufuta, na kitanda nikikigonga kinalia kama debe. Nyuma ya nyumba kuna kichuguu, na kutoka huko mchwa wamepandisha njia za udongo ukutani. Dukani nimeuziwa dawa moja ya kumwaga kwenye msingi, nikaambiwa mchwa ni mchwa. Za ukutani zimepungua, za kitandani wala. Je, hawa si ndugu?
Fundi wa Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni ndugu, lakini wa mbali kuliko unavyofikiri.

Anza na hizo punje. Zimwage kwenye karatasi nyeupe uzitazame kwa kioo. Kila punje ina pande sita na ncha zilizoviringika, kama penseli iliyokatwa vipande vidogo mno. Hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, familia ya Kalotermitidae. Maisha yake yote yamo ndani ya mbao. Hashuki kwenye udongo. Maji yake ni ule unyevu kidogo wa mbao yenyewe, na kabla ya kutoa kinyesi anakikamua mpaka tone la mwisho, ndiyo maana kinatoka kigumu na kina pande. Dawa uliyoimwaga kwenye msingi itamfikia wapi? Huyu anatibiwa ndani ya mbao: dawa ipenyezwe kwenye matundu yake, au kipande kilicholiwa kikatwe na kuchomwa moto. Na kabla ya kununua dawa yoyote, mwonyeshe afisa ugani hizo punje.

Wa kwenye kichuguu ni wa familia ya Termitidae. Kati ya spishi za mchwa zipatazo 3,000 zinazojulikana duniani, karibu robo tatu ni za familia hii. Vinasaba vinaonyesha kwamba tawi la kitanda chako na tawi la kichuguu chako yaliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Hata wewe na panya wa shambani mmeachana baadaye kuliko hao wawili.

Tofauti yao niliwahi kuwaonyesha wanafunzi kwa darubini, na sijasahau. Maabara yetu ilikuwa na darubini mbili, moja kioo chake kimepasuka. Tulichukua mchwa wa mbao kavu kwenye mguu wa dawati. Unamshika kichwa kwa kibano, kwa kibano cha pili unavuta ncha ya tumbo taratibu, na utumbo unatoka mzima kama uzi. Unaupasua ndani ya tone la maji yenye chumvi kidogo, unafunika kwa kioo chembamba, na unafanya upesi, kwa sababu protozoa wa mle ndani hawaistahimili hewa yetu. Msichana wa kwanza kuangalia aliinua uso akasema, "Mwalimu, ni kama mnadani ufukweni, mitumbwi imeingia." Walikuwa wamejaa, wanapigana vikumbo, mikia inatetemeka, na ndani ya miili yao iliyo kama kioo vipande vya mbao walivyovimeza vinaonekana. Darasa zima likapanga foleni. Kisha tukafanya hivyohivyo kwa mchwa wa kichuguu cha nyuma ya bweni. Tukatafuta mpaka kengele ikalia. Vijidudu vidogovidogo vya bakteria walikuwepo, lakini wale wenye mikia hatukumpata hata mmoja.

Ndivyo walivyo Termitidae wote. Babu yao aliwapoteza wale protozoa, na mti wa vinasaba unaonyesha ilitokea mara moja tu, wote waliofuata wakarithi huo upungufu. Upungufu wenyewe ukawafungulia milango. Wakabaki na bakteria, wakajifunza nyasi, majani makavu, mboji, wengine wakala udongo wenyewe. Na wengine wakapata msaidizi nitakayemweleza kwa mama wa Ruangwa hapo chini.

Vinasaba havikuishia kuunganisha, vimetenganisha pia. Familia ya Rhinotermitidae, iliyokuwa vitabuni kama jamii moja, ilikutwa si jamii moja: baadhi yao wako karibu zaidi na Termitidae kuliko na wenzao, na katika mpangilio mpya uliochapishwa mwaka 2024 ikagawanywa.

Nami yameshanikuta, mwanangu. Muuza mbao mmoja aliniapia kwamba mbao za milango yangu zimelowekwa kwenye dawa. Mwaka wa nne niliegemea mwimo wa chumba cha kulala, bega likazama. Rangi ilikuwa safi kabisa kwa nje. Ndani kulikuwa na vyumba na korido nyembamba kama karatasi, na punje za pande sita zikamwagika sakafuni kama ufuta uliopasuliwa gunia. Ningezijua mapema zile punje, nilizokuwa nazifagia miaka miwili nikidhani ni mchanga wa miguuni, ningeuokoa ule mlango. Kwa hiyo kila anayekuletea kitanda kutengeneza, mwonyeshe.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Utotoni mama alitukataza kumgusa vunjajungu, kwamba ukimgusa tu chombo kitakachofuata mkononi kinavunjika. Nimesikia naye anahesabiwa ukoo wa mende. Ni kweli?
Dada wa Mikindani

JIBU: Marahaba. Ni kweli, vunjajungu ni binamu: mende wote, mchwa wakiwa ndani yao, wapo upande mmoja, na vunjajungu upande wa pili wa shina lilelile. Mtazame anavyotaga. Mayai yake anayafunga kwenye kifuko kama povu lililokauka, kimebandikwa kwenye kijiti au ukutani. Mende naye ana kifuko chake. Kuhusu vyungu, mimi nimemshika mara nyingi na vyungu vyangu vipo.

SWALI: Mwalimu, kwa nini ule uyoga mkubwa mtamu unaota kwenye kichuguu tu? Kila mwaka tunauchuma, tunaukausha, tunapika na karanga. Nimechimba na udongo wake nikaupeleka uani, ukaoza. Nikachimba tena mwaka uliofuata, ukaoza.
Mama wa Ruangwa

JIBU: Mama, umeuliza swali ninalolipenda, na nitachukua nafasi.

Uyoga huo si wa mwituni. Una mwenyewe, na mwenyewe ni mchwa. Shamba lake umelivunja mara mbili.

Bibi yangu, upande wa Rondo, hakuwa anauvuta uyoga wa kichuguu. Alikuwa anapiga magoti, anaufuata mguu wake kwa kisu, udongo anautoa kwa kiganja, kwa sababu mguu ule unashuka kama mzizi mrefu, wakati mwingine mrefu kuliko mkono wangu wa kitoto. Siku moja tuliufuata hadi mwisho. Tukafika kwenye chumba cha ukubwa wa bakuli, na ndani yake kitu cha kahawia kilichokunjamana kama ubongo wa mbuzi, chepesi, kinavunjika kikishikwa. Juu yake vidonge vyeupe vidogo kama vichwa vya pini. Bibi alirudisha udongo juu yake na kupapasa kwa mkono, akaniambia nisiseme kwa wenzangu mahali kilipo. Sikujua wakati ule kwamba nimeona shamba la zamani kuliko mashamba yote ya watu.

Kile cha kahawia ni sega. Vibarua wanakusanya nyasi na majani na vijiti vikavu, wanavila, na kinachotoka bado hakijasagika vizuri wanakipanga pale. Uyoga, ambao jina lake la kitaalamu ni Termitomyces, unaota humo na kuyalainisha yale mabua ambayo tumbo la mchwa peke yake haliyawezi. Mchwa wanakula vile vidonge vyeupe na sega lililokomaa. Huyu ndiye msaidizi niliyemtaja kwa fundi wa Newala. Wenzao walibaki na protozoa tumboni. Hawa tumbo la pili wamelijenga chini ya ardhi.

Kwa nini kwako unaoza? Kwa sababu sega likitoka mikononi mwa vibarua, ukungu mwingine unalivamia kwa siku chache. Wao wanalisafisha usiku na mchana. Ukitaka kulima uyoga, mama, nunua mbegu ya ule unaooteshwa kwenye mifuko ya mabua. Wa kichuguu uchume pale pale, na chumba chake usikiguse.

Sasa undugu wao. Mchwa wote wanaolima uyoga ni tawi moja ndani ya Termitidae, linaloitwa Macrotermitinae. Vinasaba vya mchwa na vinasaba vya uyoga, vikisomwa kando kando, vinasema kilimo hiki kilianza mara moja tu, hapahapa Afrika, karibu miaka milioni 30 iliyopita, na hakuna tawi lililolima likaacha. Baadaye wakulima hawa walifika Asia na Madagaska. Na ushahidi wa jiwe upo nchini kwetu. Mwaka 2016 Eric Roberts na wenzake waliandika kuhusu viota vya mchwa vilivyogeuka mawe kwenye Bonde la Ufa la Rukwa, vyenye masega ya uyoga ndani yake, vya miaka milioni 25. Yaani sega alilonionyesha bibi, na lile lililoganda Rukwa kabla binadamu hajawa binadamu, ni kazi moja isiyokatika.

Mbegu inafikaje kwenye nyumba mpya? Kwa wengi, uyoga unachomoza juu, unamwaga mbegu zake, na vibarua wa kichuguu kichanga wanazikusanya pamoja na chakula. Kwa hiyo uyoga unaouchuma ulikuwa njiani kumwaga mbegu. Ukiukuta umeshafunguka mwavuli wote, acha mmoja miwili. Lakini wapo wasiosubiri. Mchwa wa kundi la Microtermes, malkia kijana anaondoka nyumbani kwao na mbegu tumboni. Kwa Macrotermes bellicosus anayebeba ni mfalme. Mkorosho wetu nao uliletwa na watu kutoka Brazili, Wareno waliouvusha bahari karne ya 16. Mkulima akihama, anahama na mbegu yake.

SWALI: Mambo vipi Mwalimu, samahani, shikamoo. Sisi vijana wa Lindi mjini tumebishana kijiweni. Wale dinosaria wa Tendaguru, je, waliwahi kuona mchwa?
Kijana wa Lindi mjini

JIBU: Marahaba. Ubishi mzuri huo.

Mawe ya Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wetu, yana umri wa karibu miaka milioni 150. Mifupa waliyoichimba Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikiwemo ile ya dinosaria Giraffatitan iliyosimamishwa Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13, ni ya umri huo.

Umri wa ukoo wa mchwa unakadiriwa kwa yale makosa ya kunakili niliyomweleza mzee wa Nachingwea. Makosa yanajilimbikiza kwa mwendo unaoweza kukadiriwa, na mabaki ya mawe yenye umri unaojulikana yanatumika kurekebisha saa hiyo. Mwaka 2015 Thomas Bourguignon na wenzake walilinganisha jinomu 66, yaani maandishi kamili ya vinasaba, za mitokondria za mchwa. Mitokondria ni vile vyumba vya nguvu ndani ya chembe, vyenye vinasaba vyao wenyewe, na vinarithiwa kwa mama. Hapa Kusini jambo hilo halihitaji mchoro: Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo wao wa asili unafuata mama. Ukimuuliza mchwa kwa mitokondria, umemuuliza upande wa mama zake.

Jibu lilikuja kwamba mama wa mchwa wote waliopo leo aliishi karibu miaka milioni 149 iliyopita. Kazi nyingine iliyofanywa mwaka 2019 kwa vinasaba vingi zaidi ikatoa karibu milioni 140. Makadirio haya yana mwanya wa mamilioni ya miaka kila upande, kwa hiyo sikuapii siku wala mwezi. Lakini zama ni zilezile. Wakati majitu yale yanakanyaga matope ya Tendaguru, ukoo wa mchwa ulikuwa unaachana na mende wa magogo au umeshaachana.

Ila waliokuwa kijiweni wakasema dinosaria alijikuna kwenye kichuguu, hao wameshindwa. Wajenzi wakubwa ni Termitidae, na Termitidae wana karibu miaka milioni 50. Dinosaria wakubwa walitoweka milioni 66 iliyopita. Mchwa wa zama zao alikuwa mdudu wa ndani ya gogo, na familia yake ndogo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha nne Masasi na napenda kuja kusoma vinasaba vya wadudu. Nianzie wapi?
Mwanafunzi wa Masasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kemia na Baiolojia usiziachie, na Hisabati uishike zaidi ya unavyofikiri, kwa sababu kupanga hayo maandishi ya herufi nne ni kazi ya hesabu na kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wote wanafundisha sayansi za viumbe.

Wakati unasubiri, anza kukusanya. Chukua kichupa chenye kifuniko kinachobana na spiriti kali isiyochanganywa na maji mengi. Kutoka kila kichuguu weka askari kadhaa pamoja na vibarua, maana kwa macho mchwa hutambulika kwa kichwa na taya za askari, na kibarua peke yake atakupoteza. Usichanganye vichuguu viwili kwenye kichupa kimoja. Kisha kata kikaratasi, andika kijiji, tarehe na mahali ulipowatoa, iwe mbao, udongo au kinyesi cha ng'ombe, ukitumbukize ndani pamoja nao. Andika kwa penseli. Wino utayeyuka kwenye spiriti.